Dobi Aliyekatiwa Salamu

Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na sijui kama aliwahi kuwapo mtu aliyekaliwa na jina vizuri kuliko yeye. Miaka thelathini na moja ya udobi, chumba kilekile kwenye kona ya barabara ya soko, meza ileile iliyotandikwa blanketi lenye madoa saba ya kuungua, pasi ileile ya mkaa yenye kijogoo cha shaba kwenye mfuniko. Umeme ulikuwepo, tena bila shida. Lakini thubutu kumtajia pasi ya umeme uone! "Ile inapapasa nguo tu," angekwambia. "Hii ndiyo inayonyoosha." Na nguo zake zilinyooka, hilo hata wasiompenda walikubali.

Kitu kingine walichokubali ni mdomo. Lo, mama yule alikuwa msemaji! Salamu yake haikuishia kwenye hujambo na sijambo. Ataanza na wewe, aende kwa mumeo, ashuke kwa watoto mmoja mmoja, apitie goti la mama mkwe wako linalouma tangu mwezi uliopita, kisha arudi kwako tena: "Na wewe mwenyewe lakini, umelala?" Ukileta shati moja saa mbili utaondoka saa tatu, umeyajua ya mtaa mzima na ya kwako umeyaacha mezani. Watu walicheka, walilalamika, na kesho yake walirudi. Nani asiyependa kuulizwa kama amelala?

Kazi yake nayo ilikuwa na mtindo wake. Dobi hafanyi kazi kwa majina, anafanya kwa nyuzi. Kila mteja alikuwa na rangi yake, na nguo ikifika mezani kwa mara ya kwanza, Bi Pasi aliishona alama ndogo ndani ya kola, mahali pasipoonekana. Mwenye duka la dawa, kijani. Fundi saa, njano. Karani wa Kamati alidai nyekundu, kwa kuwa alijiona mkubwa. Mwalimu, yule mzee aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa, Bi Pasi mwenyewe akiwemo, alikuwa na bluu, mishono miwili iliyopishana. Karatasi hulowa, wino hufutika, lakini uzi wa Bi Pasi ulidumu hata shati lilipogeuka tambara la kupangusia vumbi.

Sasa ngoja nikueleze habari ya kukatiwa salamu, maana bila hiyo hutanielewa.

Kamati ya Utulivu, ambayo ndiyo iliyoushika mtaa, haikumpiga mtu. Haikumtupa mtu gerezani. Walijisifu kwa hilo kila mkutano. Wao walikuwa na sindano na kitambaa cha kijivu, basi. Ukiuliza lisiloulizwa unaitwa ofisini, unashonewa kitambaa begani, na kuanzia saa hiyo umekatiwa salamu. Mwaka mzima hakuna wa kukusalimu, wala kukuita, wala kukujibu, na wewe usimsemeshe mtu. Kazi unafanya, chakula unakula, kwako unalala. Ila neno, hakuna. Likikutoka neno moja tu, hesabu inarudi siku ya kwanza, hata kama ulibakiza siku moja, na aliyekusemesha naye anakatwa. Usidhani utajificha. Kila kona alikaa Msikilizaji mwenye kofia ya njano, na kigoda chake, na daftari lake.

Mwalimu alikatwa kwa kuuliza mkutanoni kwa nini madirisha ya maktaba yamezibwa kwa matofali. Ndilo swali lenyewe, hakuna jingine. Mwaka wake aliubeba kimya. Kila asubuhi alipita mbele ya chumba cha Bi Pasi na kikapu chake, macho chini, na kila asubuhi Bi Pasi alijiinamia kwenye kazi yake kama wenzake wote. Hakuwa shujaa. Alikuwa na binti, alikuwa na mjukuu, na alitaka kulala usingizi.

Kilichomsaidia ni maji. Dobi wa zamani hunyunyizia nguo kwa kinywa: anabugia maji kutoka kwenye kopo, anayapuliza, nguo inapata manyunyu sawasawa. Bi Pasi aliuweka wakati wa kubugia maji pale pale Mwalimu anapopita. Kinywa kimejaa, utasemaje? Mbinu hiyo ilimfaa karibu mwaka mzima, mpaka Mwalimu akawa amebakiza siku tisa.

Asubuhi hiyo kulikuwa na shuka la kitanda cha sita kwa sita. Shuka kubwa lile, lilikunywa maji yote, na kinywa kikabaki kitupu. Bi Pasi akainua uso ajifute kidevu, akakutana ana kwa ana na uso aliokuwa akiusalimu tangu ana miaka saba.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mazoea yana taabu, wahenga walishasema. Neno lilitoka na jibu likatoka kabla hata mmoja wao hajafikiri. Wakabaki wanatazamana. Mwalimu akakitazama kitambaa begani mwake, kisha akamtazama dobi. Kule kona Msikilizaji alikuwa ameshalamba ncha ya penseli.

Ofisini Mwenyekiti wa Kamati hakufoka. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Bi Pasi, ulikuwa na nia gani?"

"Nia? Nimemsalimu mtu mzima, Mwenyekiti. Ndivyo nilivyolelewa."

"Ndiyo maana tunawalea upya."

"Basi nikateni mimi peke yangu. Yeye nimemchokoza mimi! Siku tisa tu zilibaki, mzee wa watu, mwaka mwingine ataubebaje?"

"Kwani hilo hujambo nalo aliliuliza kwa kuchokozwa?"

Karani akacheka. Alikuwa amevaa shati ambalo Bi Pasi alilipiga pasi juzi yake.

Yale ya kumtetea Mwalimu ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Bi Pasi kwa mtu. Karani akamshonea kitambaa, mishono mibaya, mirefu, imekwenda upande, na ukitaka kujua Bi Pasi alikuwa mtu wa namna gani, basi jua kwamba hata mishono ile ilimuuma. Saa hiyohiyo hesabu ya Mwalimu ilirudi moja. Wakaanza pamoja, yeye mwaka wake wa kwanza, mzee mwaka wake wa pili.

Nyumbani, kwenye chumba kilichopakana na kile cha kazi, walikuwa watatu: yeye, binti yake aliyepima vitambaa kwenye duka la jumla, na mjukuu wa kike wa miaka mitatu. Baba wa mtoto alihamishiwa kazi mbali na barua zake zilikuwa fupi. Mtoto walimpa jina la utani la Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kutamka hakunyamaza. Akila anasema, akioga anasema, akisinzia anasema. Damu ya bibi yake, watu walisema. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba cha bibi, mikono nyuma, tumbo mbele, akapaza sauti: "Shikamoo bibi!" Na hangeondoka mpaka apate haki yake. Marahaba ya Bi Pasi kwa mtoto yule ilikuwa ya kuvutwa, ndefu, na mwisho wake ni kutekenywa.

Asubuhi ya kwanza ya kitambaa, mtoto akaja kama kawaida.

"Shikamoo bibi!"

Bi Pasi akageukia ukuta.

"Bibi! Shikamoo!"

Bibi akazidi kuukodolea ukuta macho.

"Mama, njoo! Bibi amelala macho wazi!"

Cheka ukitaka, mimi sikucheka. Binti akaja mbio, akambeba mtoto, akamziba mdomo kwa kiganja, lakini Msikilizaji alishasikia. Sheria haikumkata mtoto aliye chini ya miaka saba, ilimwandikia mama yake. Mstari mmoja wa chaki kwenye fremu ya mlango. Ikifika mistari mitatu, mama anakatwa, na mtoto anapelekwa Nyumba ya Watoto kule mlimani, wanakolelewa upya. Kufikia siku ya tatu mlango ulikuwa na mistari miwili.

Hapo ndipo Bi Pasi alipojua hasa ana nini cha kupoteza. Salamu za mtaa angezivumilia, maana watu ni watu. Lakini mtoto! Alitaka jambo moja tu: afike mwisho wa mwaka bila neno, aje asimame mbele ya Chiriku, asikie shikamoo yake, aiitikie. Akiteleza mara moja, mwaka unaanza upya, na mtoto wa miaka mitatu atakumbuka nini baada ya miaka miwili ya kimya?

Binti alimfundisha mtoto kwa kidole mdomoni. "Bibi anaumwa. Ukimsalimu anaumia zaidi. Unataka bibi aumie?" Bi Pasi aliyasikia yote kupitia ukutani. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja wenye watoto watundu. Sasa samaki wake mwenyewe alikuwa anakunjwa, na yeye akasaidia kumkunja. Mtoto alipomkaribia, alimpa mgongo. Mtoto alipomshika gauni, alilivuta gauni. Majuma mawili Chiriku alijaribu hivyo, bila sauti. Juma la tatu alikuja mlangoni, mikono nyuma, tumbo mbele, akasimama. Halafu akatoa mkono mmoja, akaweka kidole mdomoni mwake mwenyewe, akaondoka. Bi Pasi alilia siku hiyo mpaka akachoka, tena amelibana shuka kwa meno, kwa kuwa kilio chenye sauti nacho kiliandikwa.

Kazi iliendelea. Kamati haikuwa na ujinga, nguo chafu hazingojei mwaka. Watu waliingia, wakaweka nguo na kikaratasi, "fua", "pasi tu", wakatoka bila kumtazama. Mwenye duka la dawa, ambaye Bi Pasi aliwahi kumlelea mtoto mwezi mzima alipougua, alisukuma kifurushi chake kwa ncha za vidole akiwa amesimama nje ya kizingiti. Ilimchoma, sikufichi. Mwanzoni aliongea na pasi kwa mnong'ono. "Haya mama, leo umeamka baridi, kunywa mkaa." Ndipo Msikilizaji akahamishia kigoda chake chini ya dirisha lake, na pasi nayo ikakosa wa kuisemesha. Jikaze kisabuni, alijiambia moyoni. Kila jioni kabla ya kufunga alipiga mshono mmoja pembeni mwa blanketi la mezani. Kila mshono ulikuwa marahaba moja aliyoiweka kwa ajili ya Chiriku. Mishono ikatembea, ikamaliza upande mmoja, ikakata kona.

Na kila Jumatatu alikuja Mwalimu.

Alileta mashati mawili meupe. Waliokatiwa salamu hawakuruhusiwa kusemeshana hata wao kwa wao, kwa hiyo aliyaweka, akasimama kidogo, akaenda zake. Bi Pasi hakuweza kumwinulia macho. Alikuwa amemwibia mzee mwaka mzima kwa neno moja la adabu, na angetoa mkono wake wa pasi apate kumwambia nisamehe. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichoweza ni kuyanyoosha yale mashati kuliko mashati yote ya mtaa.

Juma la tano shati moja lilikosa kifungo, cha pili kutoka juu. Kifungo chenyewe kilikuwa mfukoni. Akakishona. Juma la sita kikakosekana cha tatu, nacho mfukoni. Akakishona. Juma la saba cha nne, na safari hii Bi Pasi akalisogeza shati dirishani akatazama vizuri. Uzi haukuchakaa. Ulikatwa kwa wembe, safi, ncha zake bado zimesimama. Mtu mzima na akili zake timamu anakaa kwake anakata vifungo vya shati lake mwenyewe! Halafu Bi Pasi akaelewa, akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Hakuna sheria iliyomkataza dobi kushona kifungo. Mzee alikuwa anampa kitu cha kumtendea.

Kile cha nne alikishona kwa uzi wa bluu, ingawa shati ni jeupe, makusudi, ili mwenyewe ajue ameeleweka. Jumatatu iliyofuata Mwalimu alifika amelivaa shati hilohilo. Aliinua macho kwa mara ya kwanza, akakigusa kifungo chenye uzi wa bluu kwa kidole kimoja, akakigusa tena, akaweka mashati yake mezani. Hakuwa na kinyongo naye. Hakuwahi kuwa nacho. Bi Pasi alifanya kazi siku nzima na uso umelowa, na safari hiyo si maji ya kopo.

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu kifungo kimoja. Ukisema ni mchezo wa kitoto sitabishana nawe, lakini huo mchezo ndio uliomvusha miezi iliyofuata.

Mwezi wa nane Chiriku aliingia chumbani kwa bibi peke yake. Alikuwa ametimiza miaka minne bila Bi Pasi kumwambia hongera. Gauni lake limekosa kifungo cha kifuani, na kifungo amekishika kiganjani, amekinyoosha mbele. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa mdomoni. Bi Pasi akatazama dirisha, akatazama mlango, akachomoa sindano kwenye upindo wa gauni lake. Mtoto alisimama karibu, pumzi yake inanukia uji, anatazama sindano inavyoingia na kutoka. Bi Pasi alipoukata uzi kwa meno, uso wake ulipita karibu na shavu la mtoto, akalisikia joto lake. Kisha Chiriku akageuka akaenda, wala hakugeuka nyuma. Dakika nne labda. Bi Pasi aliishi kwa dakika hizo nne muda mrefu sana.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu moja, Mwalimu hakuja.

Labda mafua. Jumatatu ya pili hakuja. Kikapu chake hakikupita tena asubuhi. Sasa atamuuliza nani? Kuuliza ni kusema. Alichungulia nje mpaka shingo ikauma, akawasikiliza wapita njia, lakini aliyekatiwa salamu hatajwi, iwe kwa heri au kwa shari. Jumatatu ya tatu alikuja karani, amebeba bunda kubwa lililofungwa ndani ya shuka. Akalibwaga mezani na kikaratasi juu yake: "Fua, pasi. Za kugawa." Akasimama kungoja Bi Pasi aitikie kwa kichwa kwamba amepokea.

Bi Pasi akalifungua. Koti, suruali mbili, mashati meupe. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukaigeuza kola ya shati la kwanza ili asome uzi.

Bluu. Mishono miwili iliyopishana.

Akageuza la pili. Bluu. La tatu.

Nguo za mtu hazigawiwi angali hai. Kumbe mzee alishakufa, kumbe alishazikwa, na hakuna aliyelia kwa sauti wala kumwambia mwenzake pole. Amekufa akiwa katikati ya kimya kilichoanzishwa na mdomo wa Bi Pasi. Neno likamjia mdomoni. Mwalimu wangu! Ndivyo lilivyotaka kutoka. Karani alikuwa anamtazama, safari hii anamtazama hasa, na nyuma ya dirisha kofia ya njano iliinuka. Zilibaki siku ishirini na mbili.

Bi Pasi akanyakua kopo, akabugia maji. Akajaza mashavu mpaka yakatuna, akayashikilia. Machozi yalimchuruzika yakaanguka juu ya shati, moja, jingine, lakini maji hayakutoka. Akaitikia kwa kichwa. Karani akangoja kidogo, akabetua mabega, akaenda. Kofia ya njano ikashuka. Ndipo akayapuliza maji yote juu ya shati la Mwalimu, manyunyu mazuri, sawasawa, akachukua pasi. Hayo ndiyo yalikuwa maombolezo ya Mwalimu, hakupata mengine.

Alijiona mwoga, na hakukosea. Alimchagua mtoto. Mimi nami simlaumu, ingawa siwezi kusema nimelala vizuri tangu niijue habari hii.

Mfukoni mwa shati la mwisho alikikuta kifungo, kimekatwa kwa wembe. Mzee alishakiandaa kwa ajili ya Jumatatu. Bi Pasi akakishona kwa uzi wa bluu, akalikunja shati, akaliweka pamoja na mengine. Kuna mtu mtaani alivaa shati hilo na hakujua chochote.

Siku ya mwisho alikuwa mlangoni pa ofisi kabla haijafunguliwa. Karani akasoma majina mawili kwenye orodha, akalipiga mstari lile la Mwalimu bila kuinua macho, kisha akachukua mkasi akakifumua kitambaa. Mwenyekiti alimnyooshea mkono, meno yote nje.

"Karibu tena mtaani, Bi Pasi. Habari za siku nyingi?"

Ati habari za siku nyingi! Uso mkavu, hana hata haya. Bi Pasi alikohoa mara tatu kabla ya kuipata sauti, na ilipokuja ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Njema."

Nje, mtaa ulimwangukia. Watu walishatangaziwa. Mwenye duka la dawa alivuka barabara mbio, mikono wazi: "Bi Pasi wangu! Hujambo? Umeamkaje? Tulikukumbuka wewe!" Fundi saa alimpungia kutoka kwenye kibanda chake: "Dobi wetu, habari?" Hata Msikilizaji aliinua kofia yake ya njano. Aliwaitikia wote, njema, sijambo, nashukuru, huku miguu inakwenda. Hakumuuliza mtu goti la mama mkwe wake. Mwaka mzima aliwaza siku hii, na sasa salamu zao zilimpita tu. Alikuwa na mahali pa kwenda.

Alishalipanga jambo lenyewe zamani. Atasimama mbele ya mtoto, hatasema kitu, atangoja. Shikamoo itakuja, na yeye ataiitikia kwa marahaba ya mwaka mzima, ya kuvutwa, mpaka majirani wakimbie kuja kutazama.

Chiriku alikuwa amekaa kizingitini anafua nguo za mwanasesere ndani ya kopo, mapovu hadi kwenye viwiko. Akainua uso. Akalitazama bega la bibi, pale palipokuwa na kitambaa, ambapo gauni lilibaki na rangi yake ya zamani kwa kutopigwa na jua. Kisha akakitazama kigoda cha Msikilizaji. Kisha akamtazama bibi tena.

Bi Pasi alingoja. Alingoja sana. Mwishowe hakuweza, akachuchumaa.

"Chiriku. Mjukuu wangu. Ni mimi bibi, nimepona. Nisalimu, mama yangu."

Mtoto aliruka kama aliyeunguzwa. Akamziba bibi yake mdomo kwa kiganja kilicholowa sabuni, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Shhh," akanong'ona. "Bibi usiseme. Watakukata tena."

Binti alitokeza mlangoni, ameshika kitambaa cha jikoni, analia tayari. "Imekwisha, mwanangu. Imekwisha, haki ya Mungu. Msalimu bibi yako."

Chiriku alitikisa kichwa. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, naye alikuwa mwanafunzi mzuri, hakusahau. Aliutoa mkono mdomoni mwa bibi taratibu, akitazama kama kuna neno litakalochomoka, na lilipokosa kuchomoka akaridhika. Halafu akainamisha kichwa, akakamata kifungo cha kifuani mwa gauni lake, kilekile, akakivuta. Hakikutoka. Akakiuma kwa meno, akakivuta tena mpaka uzi ukakatika, akakiweka kiganjani mwa bibi yake. Akasimama wima mbele yake, mikono nyuma, tumbo mbele, anangoja.

Basi zile marahaba zote, mia tatu na sitini na tano, zilibaki palepale zilipokuwa, kwenye blanketi la mezani. Barabarani mtu alipita akaita kwa furaha, "Bi Pasi, za nyumbani?" na Bi Pasi hakumwitikia. Alikaa kizingitini, akachomoa sindano kwenye upindo, akapapasa mfukoni akatafuta uzi. Aliokuwa nao ulikuwa wa bluu tu, akautunga, akaanza kushona.